Tarjuma ni Amana

Hapana nyumba katika pwani yetu isiyokuwa na tarjuma ndani yake. Rafuni pana msahafu wenye maelezo ya Kiswahili. Kabatini mna kikaratasi cha dawa kilichokunjwa mara nne. Mkobani mwa baba mna hati ya kiwanja na barua ya benki, na pengine karatasi zilizotoka kwa kijana aliyeko Muscat au London. Mengi katika hayo yalisemwa kwanza kwa lugha nyingine, na baina ya aliyeyasema na wewe unayeyasoma amekaa mtu. Jina lake hulijui na uso wake hujauona, na juu ya hivyo umemwamini katika dini yako, mali yako na afya yako.

Mtu huyo ndiye mfasiri. Mimi ni katika kundi lake, na riziki yangu yatoka katika kazi hiyo. Nataka leo tuipime kazi hii pamoja, kwani nimeona jambo la ajabu. Watu wetu wana mizani ya kumpimia kila fundi. Seremala hupimwa kwa mlango unaofungika, mshoni kwa kanzu inayokaa begani, nahodha kwa chombo kinachofika. Imamu akikosea katika kisomo, hupatikana maamuma wa kumzindua. Lakini mfasiri hana wa kumpima. Akitumia maneno matamu husifiwa, na akitumia maneno mazito yasiyofahamika husifiwa zaidi, kwani hudhaniwa kuwa ni mtaalamu.

Mizani ninayoitaka ni hii. Lugha mbili hazilingani neno kwa neno. Pana mahali ambapo lugha ya kwanza yanyamaza na ya pili yalazimisha kusema. Na pana mahali ambapo ya kwanza yasema na ya pili haina neno. Hapo mfasiri hana budi kuchagua, akitaka asitake. Basi tusimpime kwa utamu wa maneno yake pekee. Tumpime pale alipochagua. Je, aliuliza kabla ya kuchagua? Na je, ametuonyesha kuwa hapa pana chaguo lake, au ametupa chaguo lake kama kwamba ndilo neno la mwenyewe?

MANENO MADOGO YA NYUMBANI

Usidhani kuwa kazi ya kuchagua iko katika maneno makubwa ya falsafa na siasa tu. Iko katika maneno ya barazani na jikoni.

Chukua neno moja la ujamaa. Mtoto wa Kiswahili hajatimiza miaka mitano naye ajua kuwa ami si mjomba. Ami ni ndugu wa baba, mjomba ni ndugu wa mama, na kila mmoja ana heshima yake na nafasi yake. Kiingereza chawaita wote wawili kwa jina moja. Sasa fikiri kuwa barua imetoka ng'ambo, imeandikwa kwa Kiingereza, yasema kuwa marehemu fulani ameacha binti mmoja na huyo ndugu wa mzazi, bila ya kueleza ni mzazi yupi. Mfasiri amekaa na kalamu yake. Akiandika "ami", basi kwa elimu ya mirathi ami ni asaba: binti atachukua nusu, na ami, ikiwa hapana asaba aliye karibu kuliko yeye, atachukua nusu iliyobaki. Akiandika "mjomba", huyo ni katika dhawil-arham, na maadamu binti yupo hana fungu. Herufi chache zimehamisha nusu ya mali ya yatima. Na huenda mfasiri mwenyewe asijue alilolifanya, kwani kwake yeye hilo lilikuwa neno jepesi kuliko yote katika ukurasa.

Afanyeje basi? Aulize. Na akikosa wa kumwuliza, aandike wazi kuwa huyu ni ndugu wa baba au wa mama, na kwamba barua haikubainisha. Sentensi hiyo haipendezi masikioni, lakini ni ya kweli, na kadhi akiiona atajua kuwa hapa pataka shahidi.

La pili ni saa. Sisi twahesabu saa zetu tangu kuchomoza kwa jua na tangu kuchwa kwake. Mzungu huzihesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Kwa hivyo saa yake ya nane ya asubuhi ni saa yetu ya mbili. Kila mtu alijua hilo, utasema. Naam, lakini tazama maelezo ya dawa. Yakisema kidonge kimezwe asubuhi saa nane za Kizungu, mfasiri lazima aandike saa mbili. Na yakisema dawa itumiwe kila baada ya saa nane, hapo asiguse kitu, kwani huo ni muda wala si wakati wa mshale. Namba ni ile ile, na katika mstari mmoja yabadilika, katika mstari wa pili haibadiliki. Mwenye kutarjumu huku akili yake iko kwenye malipo ataikosa mojawapo, na atakayemeza kidonge ni mama yako.

La tatu ni siku. Kwa hesabu yetu usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule tunaosoma Yasini tukiingojea Ijumaa yenyewe; Mzungu huuita usiku wa Alhamisi. Shahidi mzee akisimama mahakamani akasema kuwa mambo yalitokea usiku wa Ijumaa, na mkalimani akayageuza neno kwa neno, basi mshitakiwa ataulizwa alikuwa wapi katika usiku ambao haukutokea jambo lolote.

La nne liko katika sentensi fupi ambayo kila siku husemwa: "Alinivuta mkono." Ni nani aliyevuta, mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakikusema, wala hakuna aliyekilazimisha kusema. Na mkono upi huo? Kwetu mkono ni wote, tangu begani hadi vidoleni. Kiingereza kina neno la kitanga na vidole, na neno jingine la sehemu iliyobaki hadi begani. Na katika kumtaja mtu chamtenga mume na mke. Kwa hivyo maneno mawili ya msemaji yana machaguo mawili ndani yake, na mkalimani amesimama mbele ya hakimu, watu wanamtazama, hana nafasi ya kufikiri. Akibahatisha, hati ya mahakama itaandika jambo ambalo shahidi hakulisema kabisa. Kesho wakili atamwambia shahidi kuwa amejipinga mwenyewe. Mzee wa watu atatahayari, naye hakusema ila kweli.

Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa mshitakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila ya malipo. Na ndiyo maana Tanzania mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini haki ya kupata mkalimani ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni mkalimani anayethubutu kuinua mkono na kusema: "Mheshimiwa, neno hili lina maana mbili, niruhusu nimwulize shahidi."

WALIOTUTANGULIA

Wako wanaodhani kuwa uangalifu wa namna hii ni mashaka ya watu wa siku hizi waliosoma vyuo vikuu. Sivyo. Hii ni kazi kongwe, na wakubwa wake walijua uzito wake.

Twajua katika sira kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwani hakuwa na utulivu wa moyo juu ya barua zake zikiwa mikononi mwa wengine. Na Zaid akajifunza, yasimuliwa kuwa kwa muda wa kiasi cha nusu ya mwezi. Itazame sababu yenyewe. Haikuwa kwamba hapakuwa na mtu wa kuzisoma barua, watu walikuwapo. Haja ilikuwa ni mtu wa kuaminiwa. Tangu mwanzo, basi, jambo hili lilihesabiwa katika mlango wa amana kabla ya kuhesabiwa katika mlango wa ujuzi.

Baadaye, katika zama za Baghdad, vitabu vya Kiyunani vilipokuwa vikiingizwa katika Kiarabu, palikuwa na tabibu aliyeitwa Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 873. Alikuwa Mkristo, na kazi yake ilikuwa kutarjumu vitabu vya utabibu, hasa vya Galen. Hunayn hakuanza kutarjumu mara tu alipopata kitabu. Alikuwa akitafuta nakala nyingi za kitabu kimoja, akizilinganisha moja kwa moja, mpaka apate nakala iliyo sahihi, ndipo ashike kalamu. Na vitabu alivyovitarjumu ujanani kwa nakala mbovu, alivirudia alipokuwa mtu mzima na kuvisahihisha, na jambo hilo alilieleza mwenyewe kwa maandishi. Alijua kuwa katika utabibu neno likipotoka mgonjwa hufa.

Katika zama hizo hizo al-Jahiz wa Basra aliweka sharti ambalo hadi leo wafasiri wengi hatulifiki: kuwa mfasiri awe na elimu ya jambo lenyewe sawa na elimu ya mwenye kitabu, na awe mjuzi wa lugha zote mbili kwa kiasi kimoja. Kwa sharti hilo, mtu mwenye Kiingereza kizuri na Kiswahili kizuri ambaye hajui mirathi, hana ruhusa ya kutarjumu barua ile ya yatima.

Na tusiende mbali. Hapa kwetu, Pate, Sayyid Aidarus bin Athman aliitarjumu Hamziya ya al-Busiri kwa Kiswahili cha zamani, na kazi hiyo yahesabiwa katika tungo kongwe za Kiswahili tulizonazo. Nakala zake ziliandikwa kwa namna ambayo inafaa kutazamwa na kila mfasiri: ubeti wa Kiarabu, na chini yake ubeti wa Kiswahili, kisha Kiarabu, kisha Kiswahili, mpaka mwisho. Mwanachuoni akitaka kujua kama Sayyid amezidisha au amepunguza, ashushe jicho mstari mmoja. Mfasiri amejiweka mwenyewe mbele ya mahakimu wake. Huko ndiko kuonyesha chaguo.

VITABU VIWILI VYA MWAKA 1969

Tuje sasa katika vitabu vilivyo karibu nasi, tuitie kazini mizani yetu. Mwaka 1969 vilitoka vitabu viwili vya tarjuma ambavyo hadi leo vyasomwa. Cha kwanza ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, iliyotolewa Nairobi. Cha pili ni Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare alioutarjumu Mwalimu Julius Nyerere naye akiwa Rais wa Tanzania. Siviweki pamoja kwa daraja, kwani kimoja chahusu Maneno ya Mwenyezi Mungu na cha pili ni mchezo wa kuigiza. Naviweka pamoja kwa upande wa kazi ya mfasiri tu.

Sheikh al-Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa kadhi huko, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki Oman mwaka 1982. Hakuwa wa kwanza katika kazi hii. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alitoa tarjuma yake mwaka 1923, na Sheikh Mubarak Ahmad wa jamaa ya Ahmadiyya alitoa yake mwaka 1953. Kila mmoja aliiandikia maelezo kwa mwelekeo wake. Sheikh al-Farsy aliyajua hayo yote, na sehemu kubwa ya maelezo yake ni kujibu.

Tazama mabano yake. Neno ambalo halimo katika Kiarabu, naye akaliona la lazima ili maana isimame kwa Kiswahili, mara nyingi hulitia baina ya mabano. Wako vijana wanaolalamika kuwa mabano hayo yanakata kisomo, na kwa upande wa utamu wana haki: jicho husimama, pumzi hukatika. Lakini kwa mizani yetu, kila bano ni mfasiri anayesema: "Hili ni langu mimi Abdulla, usilichanganye." Ni adabu ile ile ya nakala za Hamziya kwa njia nyingine.

Pale ambapo pana la kusemwa ni katika yale majibu. Majibu yaliandikwa kwa watu waliokuwa na vitabu vyote viwili mkononi na magomvi yake masikioni. Msomaji wa leo, aliyezaliwa miaka mingi baadaye, husikia sauti ya mtu mmoja katika mabishano ya wawili. Hiyo si khiyana ya mfasiri. Ni umri wa kitabu. Yafaa mwalimu wa darsa amweleze kijana kuwa hapa Sheikh anamjibu fulani, asije akadhani kuwa ni maelezo ya aya.

Hata jina la kitabu lina chaguo. Dale alitumia "Kurani" pekee bila ya sifa. Mubarak aliandika "Tukufu". Al-Farsy akaandika "Takatifu". Na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani alipotoa tarjuma ya Al-Muntakhab mwaka 1995 akarudi kwenye "Tukufu". Nimesikia watu wakibishana barazani, mmoja akisema "takatifu" ni neno la kanisani. Maneno haya yote mawili ni ya Kiswahili asili: takatifu latoka katika kutakata, yaani kusafika, na tukufu latoka katika kutukuka. Qurani yenyewe imesifiwa kwa ukarimu na utukufu, na kurasa zake zimesifiwa kwa usafi. Kwa hivyo kila mmoja alishika sifa moja na kuiacha nyingine, kwani jalada halichukui zote. Mimi naliona "tukufu" kuwa karibu zaidi na "karim". Lakini aliyechagua "takatifu" hakukopa kwa mtu. Alichukua cha nyumbani.

Ama kitabu cha pili, Mwalimu Nyerere alikuwa mfasiri wa kweli wala hakuwa mkubwa aliyecheza na kalamu. Mchezo wa Julius Caesar aliutoa mwaka 1963, na mwaka 1969 akautoa tena baada ya kuutengeneza. Rais wa nchi, mwenye shughuli zote hizo, akarudi kwenye mistari yake ya zamani na kuikosoa! Katika hilo alikuwa mwenzake Hunayn. Na alithubutu kuyaacha mashairi ya Shakespeare bila ya vina, kama yalivyo katika asili. Kwa sikio la pwani, lililolelewa kwa vina vya kati na vya mwisho, huo ni mwendo mgeni. Lakini ni ugeni wa kweli, kwani hata mwenyewe Shakespeare katika mistari hiyo hakutia vina.

Ninaposimama ni kwenye jina. Asili ina mfanyabiashara mmoja wa Venisi, naye ni Antonio. Mwalimu amesema "mabepari", kwa wingi. Neno bepari lilitujia kutoka Bara Hindi na maana yake ya kwanza ilikuwa mfanyabiashara tu, kwa hivyo mtu aweza kulitetea. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hapakuwa na mtu Tanzania aliyelisikia neno hilo kwa maana yake ya kwanza. Lilikwisha kuwa jina la mnyonyaji. Basi jalada limekwisha kutoa hukumu kabla hujafungua ukurasa, na hukumu hiyo ni ya mfasiri.

Je, hukumu hiyo ina ubaya gani? Upande mmoja ina wema. Yahudi Shylock katika mchezo ule hutukanwa na kutemewa mate, na wengi wamempakaza yeye peke yake uovu wote wa mji. Mwalimu kwa ule wingi wake ametwambia: hapana, mji mzima uliishi kwa faida. Hiyo ni insafu. Lakini upande wa pili amefuta tofauti ambayo msomaji wa pwani angekuwa wa kwanza kuiona. Katika mchezo ule Shylock hukopesha kwa riba, na Antonio hukopesha bila ya riba, na hiyo ni sababu moja kubwa ya uadui wao. Kwetu sisi mwenye kula riba na mwenye kutoa karadha njema hawawekwi katika chungu kimoja, na mtu akiwaita wote wawili kwa jina moja tungemwambia arudi chuoni. Jina la kitabu limewaweka pamoja. Huyo Antonio ana makosa yake mengi, na kiburi chake juu ya Yahudi ni kikubwa. Lakini hilo la riba si kosa lake.

Simwiti Mwalimu mwenye khiyana. Alikuwa na haki ya kuusoma mchezo ule kwa jicho lake. Nisemalo ni kuwa maoni ya msomaji yana mahali pake, nako ni dibaji; yakipanda juu ya jalada huwa hayana mabano, na mwanafunzi huyachukua kuwa ni ya Shakespeare. Kwa mizani hii, Sheikh na mabano yake yanayokata pumzi amezidi.

BEI YA NENO

Utaniuliza: ikiwa mambo ni haya, mbona tarjuma nyingi tunazokutana nazo kila siku ni mbovu? Nitakujibu kama mtu wa kazi.

Sisi wengi hulipwa kwa idadi ya maneno. Sentensi ya maneno kumi hulipwa kumi. Lakini saa nzima ya kumtafuta mtu wa kukueleza kama ni ami au ni mjomba, hulipwa neno moja. Hesabu hiyo humfundisha mfasiri asiulize. Nilipata kupewa karatasi ya maelezo ya dawa, nikapeleka swali kuhusu wakati wa kumeza. Ofisi iliyonituma, ambayo siitaji, ilinijibu kuwa niandike tu, watu wataelewa. Niliandika kuwa asili haikubainisha, na mstari huo nikauwekea alama. Sijui kama alama ile ilifika kwa mgonjwa.

Na sasa imekuja simu ya mkononi, yatarjumu kwa kufumba na kufumbua. Sikatai manufaa yake. Msafiri hupata njia, mwanafunzi hupata fununu ya maana, na muuza duka huelewana na mgeni wake. Lakini angalia tofauti moja. Mtu asiyejua neno husita. Ukimsikiliza utaisikia ile sita yake, na utajua kuwa hapa hana hakika. Simu kwa kawaida haisiti. Pale ilipojua na pale ilipobahatisha, maneno yake hutoka laini sawasawa. Ukiiuliza habari ya ndugu wa mzazi, mara nyingi itakupa jina moja tu, wala haitakwambia kuwa kulikuwa na la pili. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na hapa baraka iliyokosekana ni swali.

Jambo jingine liko majumbani mwetu wenyewe, hasa kwa jamaa zetu walioko Uingereza na Marekani. Bibi akienda kwa daktari, hupelekwa na mjukuu awe mkalimani wake. Mtoto ana miaka kumi na mbili, Kiingereza chake chatiririka, na wazee hujivuna. Lakini bibi hawezi kumtajia mjukuu wake maradhi ya kike. Hupunguza, hugeuza, husema tumbo lamuuma. Daktari hupata nusu ya habari naye hutoa nusu ya dawa. Kwa nini tumtwishe mtoto mzigo huo, na kumvunjia bibi sitara yake? Huko hospitali nyingi zina njia ya kumpatia mgonjwa mkalimani mtu mzima. Mtake, wala usione haya. Kuuliza si ujinga.

WAJIBU WA MSOMAJI

Ndugu msomaji, sikukuandikia haya ili ukae ukitulaumu sisi wafasiri. Mizani ikiwa mkononi mwa muuzaji peke yake haina faida; ni lazima na mnunuzi aijue. Basi ukipata karatasi iliyotarjumiwa yenye kuhusu mali, afya au kesi, fanya mambo matatu.

Kwanza, itake na asili yake, uziweke pamoja, hata kama lugha ile huijui. Atapatikana jirani wa kukutazamia. Karatasi isiyokuwa na asili ni kama shahidi asiyetaka kuapa.

Pili, tafuta ndani yake maneno yale madogo: majina ya ujamaa, saa, siku, sehemu za mwili. Humo ndimo makosa hukaa, kwani huwa hayatazamwi.

Tatu, ukimwona mfasiri ameandika kuwa hapa hana hakika, usimdharau. Watu wengi wakikuta maneno hayo husema huyu hajui kazi, wakampelekea mwingine asiyesita. Wamekosea. Yule aliyekuonyesha pale asipojua ndiye wa kumwamini katika pale alipojua. Amana iliyo mikononi mwake ni neno la mtu mwingine, na amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyo, haiongezwi wala haipunguzwi.

Wabillahi tawfiq.